Sijambo si jibu

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na siku ya nane hajatia kitu cha maana tumboni, na kila aliyeingia chumbani kwake alipewa jibu lile lile. "Shikamoo bibi." "Marahaba." "Hujambo?" "Sijambo, mwanangu, namshukuru Mungu." Ulikuwa mwezi wa Juni, baridi ya Songea imekaza, hata saa sita mchana haiachii. Nyumba yetu iko Majengo, na chumba cha bibi kilikuwa cha nyuma, dirisha lake likitazama uani. Alilalia ubavu wa kulia, blanketi mbili na kitenge juu, uso ameuelekeza ukutani. Watu wa mtaa walikuja kumjulia hali, wakakaa mkekani, wakauliza, wakajibiwa, wakaridhika. Wakitoka nje walimpa mama moyo: "Bado ana nguvu. Mbona anaitikia vizuri tu."

Salamu yetu imejengwa hivyo. Ukiichambua, hujambo ni kumuuliza mtu kama hana jambo, na sijambo ni kumhakikishia kwamba hana. Jibu limeshaandaliwa kabla hajafungua kinywa. Mzee wa miaka 80 na kitu, aliyelelewa kujua kwamba kulalamika mbele ya mgeni ni kukosa adabu, hataanza kubadilika akiwa kitandani. Atasema sijambo. Akibanwa sana atasema ni haya haya ya uzee. Nasi tunaomtunza tunalipokea neno hilo kana kwamba ni majibu ya maabara.

Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumempeleka zahanati. Mhudumu alimuuliza anaumwa nini, bibi akasema uzee tu, na mhudumu akatabasamu kwa upole akamwambia, "Kweli bibi, uzee hauna dawa." Tukarudi na vidonge kumi vya parasetamo. Ugonjwa wenyewe haukuwa siri. Ilikuwa saratani iliyoanzia kwenye titi ikafika mifupani, na hospitali walishatuambia kwamba hakuna tena cha kukata wala cha kupiga mionzi, twende naye nyumbani tukamtunze. Kumtunza vipi, hatukuambiwa, na sisi kwa hofu hatukuuliza.

Aliyekuja kuuliza ni jirani yetu, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Nesi. Alikuja jioni, akasalimia kama wengine, akajibiwa kama wengine. Halafu hakukaa mkekani. Alivuta kigoda akakiweka upande wa ukutani, pale bibi alipoelekeza uso, nafasi finyu ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kufikiria kukaa. Akapasha moto viganja vyake kwenye jiko la mkaa lililokuwa mlangoni kabla ya kumshika.

"Mama," alimwambia, "salamu tumemaliza. Sasa nakuuliza kwa mkono, na wewe unijibu kwa mkono, mdomo upumzike." Akakunja ngumi. "Hii ni hakuna maumivu kabisa." Akainua kidole kimoja. "Hiki ni kidogo, unaweza kukisahau." Akaendelea kukunjua, kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vitano. "Na hivi ni yale ambayo mtu hawezi kuyavumilia. Tangu jana mpaka sasa hivi, vyako ni vingapi?"

Bibi alitazama dari muda mrefu. Kisha mkono wake ukatoka chini ya blanketi, umekonda mpaka pete ya ndoa imefungwa uzi isidondoke, na vidole vikafunguka. Vinne.

"Wapi?"

Akagusa mdomo.

Nesi aliwasha tochi ya simu akamwomba apanue kinywa. Ulimi na kaakaa vilikuwa vimejaa utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na chini ya utando nyama ilikuwa nyekundu, mbichi. Siku nane tulikuwa tukisema bibi amekataa chakula. Mjomba alishaanza kusema kwamba mtu akifika hapo anakuwa ameamua mwenyewe kuondoka, tusimsumbue kwa uji. Kumbe alikuwa akitamani kula, na kila kijiko cha uji wa moto tulichomlazimisha kilikuwa kinamuunguza kidonda. Tulikuwa tukimtesa kwa mapenzi yetu yote.

Nesi akaendelea. Nyonga usiku, vidole vitano. Alimgeuza taratibu akafunua mgongo: juu ya mfupa wa nyonga ya kulia, ngozi ilikuwa imebadilika rangi kiasi cha kifuniko cha soda, dalili ya kidonda cha kulalia kinachoanza. Akauliza habari za choo, tukatazamana, hakuna aliyejua. Bibi alionyesha siku kwa vidole, mkono mmoja haukutosha. Siku sita. Ndani ya robo saa, mtu asiye na kipimo chochote zaidi ya mkono wake na tochi ya simu alikuwa ametaja mateso manne, na matatu kati ya hayo yalikuwa na tiba inayopatikana Songea siku hiyo hiyo.

Baadaye nilipomuuliza alijifunza wapi, alisema ni kwenye semina, zamani kidogo, na akaniambia kwamba ule mkono una historia yake. Umetokana na dodoso lililotengenezwa na Jumuiya ya Tiba Shufaa ya Afrika, yenye makao yake Kampala, tiba shufaa ikiwa ni ile ya kumpunguzia mateso mtu mwenye ugonjwa mzito. Maswali yake ni kumi tu. Saba humhusu mgonjwa: maumivu, dalili nyingine kama kichefuchefu au kubanwa na pumzi, wasiwasi juu ya ugonjwa, kama ameweza kumwambia mtu yaliyo moyoni, kama anaona maisha bado yana thamani, kama ana amani, na kama familia imepata msaada wa kujipanga kwa siku zijazo. Matatu ya mwisho ni ya anayemtunza. Kila jibu hupimwa kuanzia sifuri hadi tano, na kwa kuwa wagonjwa wengi hawajui kusoma au hawana nguvu ya kushika kalamu, mkono ndio uliofanywa rula. Ngumi ni sifuri. Kiganja wazi ni tano. Dodoso hili lilifanyiwa majaribio katika nchi kadhaa za Afrika, na matokeo ya kulihakiki yalichapishwa mwaka 2010.

Napenda kwamba liliandikwa na watu waliokwisha kukaa kwenye vigoda vya nyumba kama zetu. Cicely Saunders, muuguzi na baadaye daktari wa Uingereza aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yamesukwa kwa nyuzi nyingi, mwili, moyo, jamaa na imani, na ukivuta uzi mmoja mingine inakaza. Yale maswali saba yamebeba fundisho hilo bila kulitaja. Siku ile niliona maana yake Nesi alipofika swali la wasiwasi. Maumivu ya kinywa yalikuwa vidole vinne. Wasiwasi, bibi alifungua kiganja chote na kukitikisa.

"Wa nini, mama?"

Alinong'ona, na Nesi akainama asikie. Alikuwa amemsikia mjomba nje ya dirisha akizungumza na mtu juu ya bei ya mafuta na gari. Alichoambulia ni kwamba atazikwa hapa hapa mjini. Babu amelala Mpitimbi, chini ya mwembe alioupanda mwenyewe, na bibi alikuwa ameacha nafasi ya upande wa kushoto miaka 19. Siku nane za ukimya ule, uso umeelekea ukutani, sehemu kubwa ilikuwa hiyo. Hakuna kidonge cha kutibu jambo kama hilo, na hakuna daktari ambaye angeligundua kwa kumuuliza hujambo.

Mjomba aliitwa usiku ule ule. Alipiga magoti kando ya kitanda akasema mbele ya wote kwamba atampeleka Mpitimbi hata kwa kuuza pikipiki. Nesi akauliza tena. Bibi alikunja vidole vinne akabakiza kimoja. "Hiki," alisema, "kwa sababu namjua mwanangu."

Mtaani kwetu, makazi ya wazee ni chumba cha nyuma cha nyumba ya mtoto. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema familia ndiyo taasisi ya msingi ya kumtunza mzee, na makazi yanayoendeshwa na serikali yawe kimbilio la mwisho. Sina ugomvi na hilo. Lakini kimbilio la mwisho lina watu, na wana majina na miili. Yapo makazi ya Nunge kule Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Njoro mjini Moshi, Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza, na ng'ambo ya bahari Sebleni na Welezo, Unguja. Baadhi yalianza kama vijiji vya wagonjwa wa ukoma. Mengine yamepokea watu waliokwenda kutafuta maisha mbali na kwao wakazeeka bila kurudi. Hili la pili sisi wa Songea tunalijua kuliko wengi. Vizazi vya Wangoni na Wamatengo vilikwenda Tanga kukata mkonge, vikiitwa manamba, na wapo ambao hawakupata tena nauli wala uso wa kurudi. Mtoto wa Songea aliyezeekea ugenini, akiishia kwenye kitanda cha makazi, hana dirisha la kumsikia mjomba. Hana mjomba. Nani atagundua kwamba anawaza atazikwa wapi?

Makazi hayo yana wahudumu wanaopika, wanaofua, wanaoogesha, wanaofagia, na nimewaona wakifanya kazi hiyo kwa moyo ambao watoto wa kuzaa wakati mwingine hawana. Kinachokosekana ni nusu saa ya kigoda. Hakuna mtu ambaye kazi yake, kwa siku na saa inayojulikana, ni kukaa upande uliko uso wa mzee na kuuliza kwa mkono. Ukaguzi ukifika unahesabu vitanda, vyandarua, magunia ya unga na matundu ya vyoo, na mambo hayo ni ya lazima. Ila mzee aliye na vidole vitano vya maumivu na mzee aliye na ngumi wanahesabiwa sawa: mmoja, mmoja.

Marekani ilifika kwenye kumpima mzee mmoja mmoja kwa uchungu. Baada ya kashfa za miaka mingi kwenye nyumba zao za wazee, sheria ya mwaka 1987 ililazimisha kila mzee anayeingia apimwe kwa utaratibu maalumu na kupimwa tena mara kwa mara, na maumivu yakawa sehemu ya kipimo hicho. Wapo vijana wetu wanaofanya kazi kwenye nyumba kama hizo, Marekani na Uingereza, ambao tulizoea kusema wanabeba maboksi. Wengi wao hawabebi boksi lolote. Wanabeba wazee wa watu. Kijana wa kutoka huku kwetu anaweza kuwa usiku huu anajaza kwamba mzee wa chumba namba 12 amekunja uso alipogeuzwa, apewe dawa nusu saa kabla ya kugeuzwa tena. Anajua jinsi ya kufanya. Alifundishwa. Bibi yake mwenyewe, Majengo au Lizaboni au Mfaranyaki, anajibu sijambo.

Kipimo cha kukunja uso kipo kwa sababu wapo wazee ambao hata vidole hawawezi tena kuvitumia kujibu. Ugonjwa wa kusahau ukizidi, mtu hupoteza maneno, na baada ya maneno hupoteza hata maana ya swali. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha njia fupi ya kuwapima watu hao kwa kuwatazama tu, mambo matano. Pumzi: imetulia, au inakwenda kwa kasi na kelele? Sauti: kimya, mguno, au kilio? Uso: umekunjuka, una huzuni, au umekunjamana? Mwili: umelegea, au magoti yamevutwa juu na ngumi zimekazwa? La mwisho nalipenda zaidi: akishikwa mkono na kusemeshwa, anatulia au hatulizwi na chochote? Kila jambo lina alama sifuri hadi mbili, jumla kumi. Ukiisoma njia hiyo unagundua kwamba kila mama aliyelea mtoto mchanga anaijua kazi hiyo. Hakuna anayemsubiri mtoto wa miezi mitatu aseme tumbo linamuuma. Lakini mzee akilia usiku tunasema amechanganyikiwa, tunafunga mlango.

Mwenye nafasi ya kwanza ya kuona yote hayo ni anayeogesha. Hili nimelishika kwa Nesi na sitaliachia. Anayeogesha ndiye anayeona ngozi imebadilika rangi kwenye nyonga, kisigino na kifundo. Ndiye anayesikia mguno mkono unapoinuliwa, anayejua choo kimepatikana lini, anayeona kinywa. Katika makazi mengi na katika nyumba nyingi kazi hiyo hupewa mwenye sauti ndogo kuliko wote, dada wa kazi, mjukuu aliyefeli shule, mhudumu wa chini, na hakuna anayemuuliza ameona nini. Mama alinunua daftari la kurasa 48. Kila asubuhi baada ya kumwogesha bibi, binamu yangu wa miaka 17 aliandika mistari mitano: maumivu vidole vingapi, amekula nini, choo, ngozi, amelalaje. Mgonjwa tulimgeuza kila saa mbili, mto mmoja kati ya magoti. Lile doa la nyonga halikufika kuwa shimo.

Kinywa kilipona kwanza. Dawa ya matone ya fangasi na kitambaa laini kilicholowekwa maji ya chumvi, mara nne kwa siku, na siku ya nne bibi akaomba togwa. Si uji, togwa, iliyopoa. Alikunywa kikombe kizima kwa kijiko kidogo, akafuta midomo mwenyewe.

Maumivu ya nyonga yalihitaji mofini. Hapa ndipo wengi wetu tunashtuka, na mama alishtuka pia. Kwake mofini ilikuwa jina la kitu cha wavuta unga. Nesi alimweleza kwamba mofini ya kunywa, ikitolewa kwa kipimo na kwa saa zake, kila baada ya saa nne na dozi kubwa kidogo ya kulalia, haimgeuzi mgonjwa wa saratani kuwa teja wala haimharakishi kufa. Inafunga choo, kwa hiyo lazima iandamane na dawa ya kulainisha. Mwanzoni inaleta usingizi na kichefuchefu vinavyopungua baada ya siku chache. Basi. Mama alikwenda na kurudi hospitali mara tatu kabla ya kuipata, maana mara ya kwanza mwenye kuidhinisha hakuwepo na mara ya pili iliyokuwepo ilikuwa imeisha. Siku ambayo bibi alilala saa sita mfululizo, mama alikaa mlangoni akimsikiliza akikoroma kama anayesikiliza redio.

Dawa hiyo ni ya bei nafuu, na ipo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Shirika hilo linakadiria kwamba watu milioni 56.8 kila mwaka wanahitaji tiba shufaa, na wanaoipata ni kama asilimia 14. Kwetu, Taasisi ya Saratani Ocean Road imebeba mzigo mkubwa wa mofini ya maji kwa miaka mingi, na kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilijenga mtandao wa tiba shufaa kwenye hospitali zake, likianzia Selian, Arusha. Uganda walikwenda mbali zaidi. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi hiyo ikaruhusu kwa sheria wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini wenyewe, bila kumsubiri daktari ambaye yuko wilaya nyingine. Nadhani hatuna sababu nzuri ya kutofuata njia hiyo. Muuguzi wa makazi ya wazee anayeona vidole vitano Ijumaa jioni hana haja ya kusubiri sahihi ya Jumatatu.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakisemwi vikaoni. Makazi ya wazee yako chini ya wizara inayoshughulika na maendeleo ya jamii na makundi maalumu, dawa na hospitali ziko kwenye mamlaka nyingine. Kitanda cha mzee kimesimama kwa mmoja na mofini yake imefungiwa kabatini kwa mwingine. Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kufikisha wahudumu zaidi ya 137,000 nchini kote. Wanafundishwa malaria, lishe, uzazi, kifua kikuu. Waongezewe siku moja ya ngumi na vidole. Sensa ya 2022 ilikuta wazee wa miaka 60 na kuendelea wakikaribia milioni tatu na nusu, na walio wengi kati yao hawatakanyaga makazi yoyote. Watafia chumba cha nyuma, na mhudumu wa mtaa ndiye atakayepita mlangoni.

Apite kumtembelea nani kwanza? Wataalamu wana swali wanalolitumia kuchagua, na muuguzi hulijibu kimoyomoyo: je, nitashangaa nikisikia mzee huyu amefariki ndani ya miezi kumi na miwili ijayo? Akijibu hapana, sitashangaa, basi huyo ndiye wa kukalia kigoda leo. Halitabiri siku ya mtu, na hukosea mara nyingi. Linafungua macho tu. Kwetu kulitamka hadharani ni uchuro, kama kumwombea mtu kifo, na ningemshauri muuguzi yeyote asilitamke sebuleni. Lakini uchuro mkubwa zaidi niliouona ni kufika siku ya maziko ndipo watu wanaulizana marehemu alikuwa na deni kwa nani, alitaka padri au la, shamba la bondeni alimpa nani. Mkatoliki wa Majengo anahitaji mpako wa wagonjwa akiwa bado anaweza kuitikia sala. Jirani yake Mwislamu anahitaji mtu wa kumtamkisha shahada na kumwelekeza kibla, na anahitaji kuomba radhi aliowakosea akiwa na pumzi. Haya nayo ni mahitaji ya faraja, yaandikwe kwenye daftari lile lile la choo na maumivu.

Nina hofu moja na madaftari, na imetoka Uingereza. Kuanzia miaka ya 1990 walikuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuwahudumia watu walio katika siku za mwisho, ulioasisiwa Liverpool kwa nia njema kabisa ili faraja ya hospisi ifike wodi za kawaida. Ukasambaa nchi nzima. Baada ya muda familia zikaanza kulalamika: mzee ameingizwa kwenye utaratibu bila wao kuambiwa, amenyimwa maji, amelazwa usingizi wa dawa, na fomu zote zimejazwa vizuri. Tume huru iliyoongozwa na Julia Neuberger ilipotoa taarifa yake mwaka 2013, ilipendekeza utaratibu ule uondolewe. Palipokuwa na watu waliofundishwa na kusimamiwa, ulikuwa umewasaidia wengi. Palipokosekana mtu wa kukaa na kuzungumza, fomu ilichukua nafasi yake. Kwa hiyo nikisema makazi yetu yapime, sisemi yaletewe makaratasi. Nasema aletwe mtu, apewe kigoda na muda, na daftari liwe la kumsaidia kukumbuka.

Bibi alifariki katikati ya Julai, alfajiri, akiwa ameshikwa mikono yote miwili. Tulimzika Mpitimbi, upande wa kushoto. Pikipiki haikuuzwa, watu wa mtaa walichanga.

Ninayoikumbuka zaidi ni jioni moja kama wiki mbili kabla. Nesi alikuja kwa zamu yake, akaketi mahali pake, akauliza kwa mkono. Maumivu, kidole kimoja. Wasiwasi, ngumi. Alikula? Togwa na kipande cha boga. Kisha akageuka kwa mama, kwa sababu yale maswali matatu ya mwisho ni ya anayetunza, na la mwisho kabisa ni wasiwasi wake yeye.

"Na wewe dada, hujambo?"

"Sijambo," mama alisema upesi, akiwa anakunja shuka. "Namshukuru Mungu."

Bibi hakufumbua macho. "Huyo ni mwanangu," alisema polepole. "Muulize kwa vidole."

Mama aliacha kukunja shuka. Alisimama kidogo, akatazama mlango, akanitazama mimi. Mkono wake ukatoka chini ya khanga, vidole vinne, na kile cha tano kikitetemeka.

"Haya," bibi alisema. "Leo akalale chumba kingine. Mimi nitakaa na huyu," akaelekeza kidevu kwangu. "Mfundisheni kugeuza."

Nesi akaniita upande wa kitanda, akanionyesha pa kuweka mkono mmoja, chini ya bega, na mwingine chini ya nyonga.